Dodoso chini ya mlango wa choo

Ukitaka kujua watafiti wa magonjwa ya mlipuko ni watu wa namna gani, wafungie kwenye hoteli moja, kisha wote waharishe.

Yalitukuta kwenye mkutano wetu wa mwaka. Mchana profesa mmoja wa siku nyingi alikuwa ametukumbusha kisa cha Oswego, kile ambacho kila anayesomea epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, lazima akipitie: mwaka 1940, jimbo la New York, watu wakala chakula cha jioni kanisani, 75 wakahojiwa, 46 wakaonekana wameugua, na mchawi akawa aiskrimu ya vanila. Usiku tukaandaliwa nini? Aiskrimu ya vanila. Tukacheka mpaka machozi. "Jamani, Oswego hiyo!" Kisha tukapanga foleni na mabakuli yetu, profesa akiwa mbele.

Saa tatu hazikupita, korido ikajaa watu wanaotembea haraka bila kusalimiana.

Nikiwa chooni nimeinama, nikasikia sauti kutoka choo cha upande wa kulia ikitapika na kushangilia kwa zamu. "Saa tatu tu! Hiyo ni sumu ya bakteria wa stafilokokasi! Virusi vya norovirasi vingengoja angalau nusu siku!" Wa choo cha kushoto akabisha: mbona basi watu wanaharisha kuliko kutapika? Tusikimbilie kuhukumu. Mjadala ukapita juu ya kichwa changu, kila mmoja akikatiza hoja yake katikati kwa sababu zilizosikika wazi.

Mara karatasi ikapenya chini ya mlango wangu. Dodoso. Limeshachapwa, lina namba ya mshiriki na mahali pa kutia sahihi ya ridhaa. Kalamu ikafuata ikibiringika. "Taja kila ulichokula na kunywa ndani ya saa 72 zilizopita."

"Nani wewe?" nikauliza.

"Jaza kwanza, daktari. Kumbukumbu ya mgonjwa haikawii kupotoka."

Sijamaliza swali la pili, likapenya dodoso jingine, la kundi pinzani lililokuwa limejitangazia uchunguzi wake huko mapokezi. Hawa walikuwa na fasili yao ya mgonjwa, na waliilinda kwelikweli: kuhara mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Mwenzangu mmoja, uso umempauka, akajiandikisha na mara zake mbili. Wakamwambia bado hajawa mgonjwa. Akaomba radhi, akarudi msalani, akatoka ametimiza masharti, na wakampongeza.

Profesa naye hakukaa bure. Daktari John Snow anakumbukwa kwa kuwashawishi wakubwa wa mtaa, kule London mwaka 1854, wang'oe mpini wa pampu ya maji ya Broad Street wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Basi mzee wetu akang'oa koki ya mtungi wa maji wa ukumbini akaitia mfukoni. Maji yalikuwa hayana hatia yoyote, na watu walikuwa wamesimama pale na pakiti zao za chumvichumvi za kuchanganya na maji mkononi. Ilibidi tumsubiri nje ya choo ili aturudishie koki.

Sampuli ndizo zilizotuaibisha. Sisi ambao tumezeeka tukiwaomba watu kinyesi chao bila haya, kila mmoja alipopewa kikopo alikumbuka ana simu ya kupiga. Jikoni nako mabaki yalishamwagwa, masufuria yanang'aa.

Tukabaki na madodoso. Asubuhi tukayachambua, tukagundua balaa: kila mtu alikula kila kitu. Asiyeonja aiskrimu hayupo, na bila yeye utawalinganisha walioila na nani? Hesabu nzima ilikwama hapo, kwa sababu kwenye kugawanya tulikuwa na sifuri.

Ndipo akashuka ngazi kijana mmoja wa shahada ya uzamivu, mzima, amenyoosha shati. Usiku alilala mapema kwa uchovu wa safari, hakugusa chakula. Mtu mmoja hawezi kuwa kundi la kulinganishia, hilo tunawafundisha wanafunzi wiki ya kwanza, lakini makundi yote mawili yalimrukia na madodoso.

Akayasoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

"Kwenye makala, jina la kwanza litakuwa la nani?"

Profesa alifungua mdomo ajibu, tumbo likamwita. Aliporudi, kijana alikuwa ameshajaza fomu, na juu ya rasimu ameshajiandika wa kwanza.