Kijana mnene mwenye pumzi: je, moyo wake uko salama?

Wachukue vijana wawili wa miaka 15 wanaopimwa pumzi kwa mbio za mita 20, nenda rudi, huku mlio ukiwahimiza waongeze kasi. Jaribio hili lilibuniwa na Luc Léger na wenzake huko Montréal mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo linatumika katika shule za nchi nyingi. Mwendo huanzia kilomita 8.5 kwa saa na kupanda kwa nusu kilomita kila dakika, mpaka mtoto ashindwe.

Tuseme wote wawili, wakifika ukomo wao, miili yao inatumia lita 3 za oksijeni kwa dakika. Mmoja ana kilo 60. Mwenzake ana 80, na karibu zote zile 20 za ziada ni mafuta. Kwa desturi, oksijeni hugawanywa kwa uzito wa mwili: wa kwanza anapata mililita 50 kwa kila kilo, wa pili 37.5. Wa kwanza ataitwa timamu na wa pili ataitwa dhaifu, ingawa moyo na mapafu yao vimefanya kazi ileile. Kijana wa pili hakukosa pumzi. Alikuwa amebeba mzigo.

Naianza hoja kwenye hesabu hii kwa sababu ndipo mjadala unapokwama kila mara. Wako wanaosema adui wa moyo wa kijana ni mafuta, na wako wanaosema adui ni kukosa mazoezi. Kumbe kipimo kinachotumiwa na kundi la pili tayari kina mafuta ndani yake.

Wanaolaumu mafuta wana ushahidi mzito. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, humwaga asidi zake kwenye mshipa unaoingia moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa hutoa trigliseridi, yaani mafuta ya damu, nyingi kwenye damu, insulini, homoni inayoshusha sukari, inapoteza nguvu, na shinikizo la damu hupanda. Wala si mambo ya uzeeni. Katika utafiti wa Bogalusa, Louisiana, ulioanzishwa na Gerald Berenson mapema miaka ya 1970, watafiti walichunguza mishipa ya watoto na vijana waliofariki, wengi wao kwa ajali. Michirizi ya mafuta ilikuwa imeshaanza kujijenga, na ilikuwa mingi zaidi kwa wale waliokuwa na uzito mkubwa, shinikizo la juu na kolesteroli mbaya.

Wanaotetea mazoezi nao hawasemi ovyo. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kungoja insulini. Zaidi ya hapo, kijana anaweza kufanya mazoezi kwa miezi kadhaa, mizani ikabaki palepale, na bado mafuta ya tumboni na ya kwenye ini yakapungua. Mzazi anayetazama mizani peke yake ataona jasho lote limepotea bure, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno.

Lakini je, pumzi inafuta madhara ya unene? Hapa siwezi kukubaliana na wale wanaodai hivyo. Nchini Uswidi watafiti walifuatilia zaidi ya wanaume milioni 1.3 waliopimwa walipoitwa jeshini wakiwa vijana. Wenye pumzi walikufa mapema kwa nadra zaidi. Hata hivyo, faida hiyo ilipungua kadiri uzito ulivyoongezeka, na wenye uzito wa kawaida waliokuwa na pumzi haba waliwazidi kwa usalama wanene wenye pumzi nzuri. Ni kweli, walikuwa wanaume tu, na ufuatiliaji wa namna hii hauthibitishi kipi kimesababisha kipi. Lakini idadi hiyo si ya kupuuzwa.

Balehe nayo huvuruga majibu ya vipimo vya damu. Katikati ya kipindi hicho nguvu ya insulini hushuka kwa takriban theluthi moja hata kwa mtoto mwembamba, kisha hurudi. Kipimo kimoja cha damu cha mtoto wa miaka 13 hakitoshi kumtia hofu, wala kumpa cheti cha afya.

Kwa maoni yangu, kwenye majibu ya damu mafuta yana uzito mkubwa kuliko pumzi. Ila mazungumzo na kijana yaanzie kwenye mazoezi. Mwili wake bado unakua. Akiimbiwa kilo kila siku ataanza kuruka mlo na kujificha, na saa ya michezo ndiyo ya kwanza kuikimbia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa umri huu, na zaidi ya asilimia 80 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawazifikishi, wasichana wakiwa nyuma zaidi. Upungufu huo unawahusu wembamba pia, ambao hakuna anayewauliza.

Walimu wa michezo waache kusoma alama za mbio mbele ya darasa zima. Kijana alinganishwe na mbio zake za muhula uliopita. Na kama ni lazima kupima unene, ifanyike faraghani, kwa uzi: ukate ulingane na urefu wake, ukunje katikati, umzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hapo inafaa aonane na daktari, hata kama jana yake aliwashinda wenzake wote uwanjani.