Dola 10 yenye kidonda

Jamani leo nimechoka. Hata sijanawa uso CP, kiongozi wa darasa letu la chuo, ametupa mesaji kwenye grupu: silabisi (notisi za kozi) ya finansi za umma dola 10, mwisho leo, ambaye jina yake haiko kwenye liste asije kulilia pointi. Hakuna salamu wala nini. Najua, kuuzia wanafunzi silabisi kwa nguvu kumekatazwa. Kwetu hakuna nguvu, kuna liste tu.

Bon, dola 10 ilikuwepo. Mama anauza kapenta, samaki wadogo wakavu, soko ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, alikuwa ameifunga kwenye pembe ya kikwembe tangu mwezi wa nane. Nikavaa shati ya pasi, nikashuka mjini kama mtu mwenye akaunti. CP akaifungua noti, akaiinua kwenye jua, akanyamaza. "Yaya, hii iko na kidonda." Kidonda gani? Kumbe pale kwenye fundo ya mama kuna mpasuko, siongopi, mguu wa sisimizi ni mrefu kuliko.

Haya, kwa kambisti, wale wa kubadilisha feza. Mama wa kwanza akaniangalia kama nimefiwa, "pole papa", akaita mwenzake, mwenzake akaita mzee mwenye miwani, wakainama watatu juu ya dola yangu kama madaktari, wakaipapasa, wakainusa, mzee akatoa majibu: saba. Saba nini? Dola 7, tena ni kwa huruma ya mama yangu ambaye hata hamjui. Na hapo mbele yake kuna rundo la franka za Congo zilizobandikwa skochi, nyingine inanuka kapenta kuliko mwenye kapenta, na zote zinapita! Ya kwetu ikikatika vipande viwili bado ni feza, ya Marekani ikikwaruzwa tu ni maiti. Nikamwambia, mzee, mimi ni mtu wa L2, mwaka wa pili wa ekonomia, usinichezee. Akasema ndiyo maana, ungekuwa fundi wa pikipiki ungekuja na dola nzima. Nikachukua saba. Tatu nimekopa kwa mtu ambaye sitaki hata kumtaja.

Silabisi yenyewe sasa. Fotokopi ya fotokopi, mistari imelala kama watu wa mkesha. Ukurasa wa 4: "nchi yetu Zaïre". Zaïre iliisha 1997! Zoezi la kwanza linapiga bajeti kwa pesa ya zaïre, na franka imerudi tangu 1998, mimi sijazaliwa, asista mwenyewe, msaidizi wa profesa, sijui kama alikuwa ameacha kunyonya. Halafu ukurasa wa 37 hauko. Nikamuuliza CP. "Hiyo utajitafutia, si njo LMD?" LMD ni ule mfumo wa chuo wa licence, master, doctorat, eti mwanafunzi ajitafutie.

Jioni nanunua karanga hapa kwenye kona, mama kanikunjia kwenye karatasi, naangalia hivi: 37. Zaïre ile ile. Basi nimerudi mara tatu kutafuta 38 na 39 maana zangu zimetoka nyeusi tii, yeye haangalii namba, anakunja tu, nimepata hesabu za darasa la tano, nimepata mwaliko wa harusi ya watu nisiowajua, wamependeza kwa kweli, karanga zimenijaa tumbo na choo ya lupango, ua wetu wote, iko na foleni, papa wa nyumba ya mbele ameingia na redio, na yule akiingia na redio...