Kutoa mchanga Nyando ni sawa lakini unatoka wapi?

Kuna makala nimesoma kuhusu mafuriko ya huku kwetu Kisumu, Kenya, na mwandishi wake anasema matingatinga yakitoa mchanga mto Nyando pale Ahero basi mafuriko ya tambarare ya Kano yataisha, haya sawa, lakini mbona hasemi huo mchanga unatoka wapi? Mimi nimekulia huku juu karibu na Muhoroni, mto ukifura usiku unasikia kabisa mawe yakigongana chini ya maji, gudu gudu gudu. Watu wanaona ile maji ya brauni wanadhani mzigo wa mto, yaani udongo na mchanga unaobebwa na maji, ni hiyo tu, kumbe kuna mwingine unatembea chini kwa chini, mawe yanabingirika, kokoto inaburutwa, na mchanga unaruka kama panzi, yaani maji yanauinua kidogo unaanguka mbele unagonga wenzake nao wanaruka. Na si kila siku. Mto ukiwa mpole mchanga umelala tu, lakini maji yakiongeza spidi mara 2 nguvu ya kusukuma sakafu inapanda kama mara 4, ndio maana mvua ya siku mbili inaweza kuhamisha mzigo wa miezi mzima. Sasa mto unateremka kutoka milima ya Nandi na kasi yake yote, ukifika Kano kule flati unachoka unatua mzigo, sakafu inapanda, maji inakosa nafasi inaingia kwa mpunga wa watu. Ukichimba leo shimo linajazwa tena. Hebu waulizeni wenye lori za mchanga, kila mwaka wanachota palepale na hauishi.