Swichi Nimezima, Mama

Taa ya sebuleni kwetu ilikuwa ya tyubu, ile ndefu ya futi nne, na niliifunga mwenyewe mwaka 2009. Hilo kila mgeni aliambiwa, awe ameuliza au hajauliza. Waya nilizipitisha mwenyewe, swichi nikaweka mwenyewe, nikabonyeza mara moja ikawaka. Tangu siku hiyo fundi umeme alikuwa hajavuka kizingiti changu.

Ila uzee haukwepeki. Ncha za tyubu zikawa nyeusi kama zimepitiwa na moshi wa koroboi. Ukibonyeza swichi haiwaki, inakukonyeza. Stata inahangaika, choki inanguruma, nawe umesimama gizani unasubiri ijisikie. Binti yetu Asha alikuwa na dawa yake: anaigonga kidogo kwa mpini wa fagio, inawaka. Tungeendelea hivyo miaka, lakini mama mkwe akaja kututembelea kutoka Muheza. Usiku wa kwanza tu alitazama juu, akauliza kwa upole, "Baba Asha, hiyo taa ina degedege?"

Kesho yake nikawa Kariakoo. Muuzaji akanipa taa ya LED, nyepesi kama rula, haina choki wala stata, wati 18. Ya kwangu ilikula wati 36, na juu yake choki nayo ina ushuru wake. Nikapiga hesabu ya LUKU palepale kaunta, nikajiona tajiri.

"Fundi unaye?" akaniuliza.

Nikacheka tu.

Jumamosi asubuhi mama mkwe yuko kwenye mkeka, ungo mapajani, anachagua mchele. Mimi nimevaa msuli, nimepanda stuli, na stuli imepanda meza.

"Umeme umezima, baba?"

"Swichi nimezima, mama," nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Meinswichi ya nyumba nzima iko barazani, hatua kama kumi hivi. Tesa ya kupimia umeme nilikuwa nayo, mfukoni mwa shati. Na umeme wa mtaani kwetu ndio mnaoujua, hukatika hata mtu akipiga chafya. Siku ile ulitulia kama umeajiriwa upya.

Tyubu ilitoka salama. Nikampa Asha, nikamwambia asiivunje kwa sababu ndani yake mna zebaki, akaondoka nayo kwa mwendo wa bibi harusi. Nikageukia waya.

Sikumbuki nilisema nini. Asha anadai ilikuwa "a" moja ndefu, halafu ya pili fupi. Ninachokumbuka ni mkono kugeuka wa mtu mwingine, stuli kuondoka kivyake, na mimi kushuka moja kwa moja hadi kwenye ungo. Wahenga walikataza kumwaga mchele penye kuku wengi. Penye mkwe hawakutuachia neno. Msuli ulibaki juu, umenasa kwenye kona ya meza. Namshukuru Mungu kwa bukta.

Mama mkwe alitazama ukutani, kwa heshima. Kisha akaanza kuokota punje moja moja.

"Pole, baba," akasema. "Na swichi ulizima."

Safari hii nilitembea zile hatua kumi. Nusu saa baadaye LED ikawaka bila kukonyeza mtu, nyeupe kweli, tukaona na utando wa buibui tuliokuwa tukiishi nao. Nikarudishiwa heshima kidogo, pamoja na sahani ya wali wenye mchanga.

Saa nane za usiku mlango wa chumba chetu ukagongwa.

"Baba Asha, ile taa imekufa lakini haijakata roho."

Nikatoka. Swichi imezimwa, taa inang'aa hafifu, rangi ya maji ya kuoshea mchele. Nikawasha, nikazima. Bado. Mama mkwe kajitanda kanga, anasoma Ayatul Kursi, na taa inamsikiliza tu.

Asubuhi mke wangu hakuniuliza. Aliita fundi, kijana ambaye mwaka 2009 lazima alikuwa bado anavaa kaptura za shule ya msingi. Akaniamkia, akafungua swichi, akagusisha tesa, akatikisa kichwa.

"Mzee, swichi imekaa kwenye nyutro. Ukizima, unakata njia ya kurudia tu, laivu inayoleta umeme imebaki juu vilevile. Ndiyo iliyokupiga. Na hizi LED hazihitaji mengi, umeme kidogo tu ukivuja zinaonyesha mwanga. Ile tyubu isingekwambia." Akaniangalia. "Kwani aliyefunga hapa alikuwa nani? Maana huyu si fundi."

Mama mkwe akaweka ungo chini. Mke wangu akatazama dirishani. Asha, aliyekua akisimuliwa habari za waya hizo, akafungua mdomo.

"Asha," nikamuwahi, "kamletee fundi chai."