Kujitolea sio uchawa

Mtu akijua tu kwamba naandikia jarida la muziki la mtandaoni na silipwi, swali ni moja, sasa we unapata nini? Jibu langu huwa haliwaingii. Napata ruhusa ya kusema saundi ilikuwa mbovu. Basi. Na naona wengi wetu tunaojitolea hii ruhusa tumeitupa, ndo maana leo nataka niongee na wenzangu, maana tunakoelekea siko.

Zisome ripoti zetu za matamasha madogo huku pwani, haya ya wasanii wenyewe, vijana wamechangishana wakakodi mitambo Dar na kiwanja cha mtu ufukweni, zote zinafanana. Tamasha lilifana, mashabiki walipagawa, fulani alikinukisha, picha kadhaa za mtu kashika maiki, kwisha. Nani alipiga besi hujui, walianza saa ngapi hujui, hata kama bendi ilipiga laivu au jamaa aliimba juu ya CD hujui! Ripoti kama hiyo unaiandika ukiwa umelala kwako Dunda, hapa Bagamoyo, na bango la tamasha kwenye simu.

Waandishi wa mishahara tunawasema sana kwa habari ya bahasha, kwamba mwandaaji akishatoa "nauli" basi habari inakuja tamu. Sawa, ni kweli. Lakini sisi hata bahasha hatupewi, tunapewa beji shingoni na sahani ya pilau nyuma ya steji, promota anakushika bega anakuita mdogo wangu, tayari umeshalainika, unaenda kuandika sifa tupu. Huo ni uchawa, tena wa bei ya kutupa. Mwenzako wa bahasha angalau kapeleka unga nyumbani.

Najua utetezi wake, nausikia kila siku: haya matamasha yanajikongoja, ukiyasema vibaya unayaua. Kuandaa sio mchezo kweli, kuna vibali, kuna jenereta, kuna mdhamini anayeghairi wiki ya mwisho na simu hapokei. Sauti za Busara yenyewe, tamasha kubwa la muziki, inafanyika Zanzibar tangu 2004 na jina lake linajulikana dunia nzima, mwaka 2016 haikufanyika kabisa kwa kukosa hela. Kwa hiyo sisemi tukamkomoe mtu. Lakini jiulize sifa za jumla jumla zinamsaidia nani, maana mwanamuziki hazimsaidii hata kidogo. Mtu anapiga zeze vizuri, anataka kuomba nafasi Busara, kule wanataka muziki wa laivu sio pleibeki, sasa awatumie nini, "alikinukisha"? Anahitaji maandishi yanayosema alipanda na watu wangapi, walipiga vyombo gani, wimbo gani uliwainua watu na upi uliwapoza. Na ukiwa hujawahi kusema baya lolote kuhusu mtu yeyote, hata hilo zuri utakalosema nani atakuamini?

Halafu kwa Bagamoyo ni aibu zaidi. Huu mji una chuo cha sanaa tangu 1981, hii TaSUBa ya leo, na tamasha la chuo linafanyika tangu 1982 (hilo ni la taasisi ya serikali, silo ninalolisema hapa). Hapa ndo alikuwa anaishi Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeitoa ilimba (ile marimba ya kupiga kwa vidole gumba) na zeze mpaka zikarekodiwa kwenye lebo ya Real World kule Uingereza, akafariki 2003, na wanae kina Msafiri wanaendelea na kazi mpaka leo. Huku hata muuza madafu atakwambia ngoma ile imepigwa ovyo. Afu wewe mwenye beji unaandika "ngoma za asili zilirindima". Ngoma ipi? Mdundiko ni ya Wazaramo, muheme ni ya Wagogo na wanaoipiga ni wanawake, wala hazifanani. Si uulize tu!

Mimi nilichoamua ni kufika mapema wakati wa kujaribu vyombo, saa ambayo mashabiki hawajaja na jua bado kali. Nakaa karibu na fundi mitambo, maana yeye ndo anajua kwanini sauti ya muimbaji imezama kwenye besi, mara nyingi kosa sio lake, kapewa miksa ya harusi kwa bendi ya watu kumi. Naandika majina ya wote, wapiga ngoma na waitikiaji nao, na nawaomba wanitajie herufi kwa herufi. Ni kazi ya kuchosha na promota wengine huwa wananinunia nikishachapisha, wapo hata waliosema sina uzalendo. Sawa tu.

Hela sasa. Wenye majarida wenyewe sidhani kama wanakula peke yao, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilivyotoka ada za leseni zilipita milioni 2 ukijumlisha zote, watu wa blogu ndogo wengi walitishika. Simdai mtu mshahara. Lakini nauli na bando jarida litoe, maana nilichojitolea mimi ni muda wangu, na mwandishi asiye na nauli ya kurudi ndo huyo huyo anayesubiri lifti ya promota saa nane usiku, afu asubuhi aandike nini?

Beji tuendelee kuzivaa, bila beji huingii nyuma ya steji na majina yote yako kule. Ila pilau nunua mwenyewe pale getini, kuna mama anapika vizuri kuliko la wageni waalikwa.