Kufuga Boa Arusha na Moshi: Joto Kwanza, Upole Baadaye

Anayetetea kufuga nyoka aitwaye boa nyumbani huanza na hoja moja: ni mpole. Ni kweli. Boa wa Amerika ya Kati na Kusini aliyezaliwa kizimbani na kuzoeshwa mikono tangu mdogo hana sumu, mwendo wake ni wa taratibu, na ukimshika dakika 15 hakereki. Lakini upole huo hutokana na joto sahihi, mlo wa kiasi, mahali pa kujificha na ratiba isiyoyumba. Boa mwenye baridi, anayekaribia kujivua gamba, au anayenusa harufu ya panya mkononi mwako, atauma. Kwa hiyo la kupima ni kama nyumba zetu zinaweza kumpa hayo yote kwa miaka 20 hadi 30, maana ndio umri wake.

Tuanze na joto, kwa sababu hapo ndipo wengi hushindwa. Upande mmoja wa kizimba unatakiwa uwe na nyuzi 31 hadi 32, upande wa pili 25 hadi 27, na usiku pasishuke chini ya 23. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti usiku huweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13, na nyumba zetu hazijajengwa kutunza joto. Moshi iko chini zaidi na baridi yake ni nafuu, ila Januari na Februari chumba chenye bati bila dari hugeuza kizimba kuwa tanuri. Kikipita nyuzi 35 boa asiye na pa kukimbilia hufa haraka kuliko angekufa kwa baridi.

Baridi yenyewe huua polepole. Nyoka hutegemea joto la nje ili kumeng'enya chakula. Likikosekana, panya huozea tumboni na boa humtapika. Hapo mpe maji tu kwa siku 14, kisha panya wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Wengi humhurumia na kumlisha kesho yake. Anatapika tena, anapoteza maji na asidi ya tumbo, na mara nyingi hatoki hapo. Dalili nyingine ni mapovu puani, mdomo kubaki wazi na kichwa kuinuliwa juu: mapafu yameingiliwa. Hilo linataka daktari wa mifugo na dawa ya sindano, na madaktari wengi wa kwetu wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa.

Sasa piga hesabu ya umeme. Kifaa cha joto cha wati 100 kinachowaka nusu ya muda chini ya themostati, yaani kidhibiti joto, hutumia uniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye D1, daraja la matumizi madogo la Tanesco, isiyotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, karibu nusu ya posho hiyo imeliwa na nyoka. Umeme ukikatika, betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100, ikitumiwa hadi nusu tu ili isiharibike, ina wati-saa 600: saa kumi hivi kwa kifaa hicho, ukishatoa kinachopotea kwenye inveta. Asiye na betri afunike kizimba kwa blanketi, aache nafasi ya hewa, na aweke ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, akibadilisha kila zinapopoa. Bila themostati usithubutu kabisa. Mkeka wa joto usiodhibitiwa huunguza tumbo la nyoka naye asisogee.

Kizimba cha boa mzima kiwe na urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, cha plaiwudi yenye vanishi na mlango wa kioo wenye kufuli. Unyevu uwe asilimia 55 hadi 70; ukipungua, gamba hutoka vipandevipande na kubaki machoni. Chakula ni panya asiyezidi unene wa sehemu nene ya mwili wa nyoka, kila siku 10 hadi 14 kwa mdogo na kila wiki tatu au nne kwa mkubwa. Panya wa mtaani hapana: huenda amekula sumu. Hivyo mfugaji wa boa hujikuta anafuga panya pia, na harufu yake majirani wataisikia kabla hawajajua kuna nyoka.

Upande wa wanaotetea una hoja moja nzito kuliko upole, nayo ni elimu. Kwetu nyoka akionekana, awe na sumu au asiwe nayo, hupigwa hadi afe. Mtoto aliyemwona boa ametulia kwenye mkono wa mtu mzima anaelewa kwamba huyu ni mnyama mwenye njaa, woga na mahitaji yake. Hifadhi ya nyoka ya Meserani, kwenye barabara ya Arusha kwenda Dodoma, hutoa somo hilo.

Lakini Meserani si sebuleni kwako. Hapo ndipo hofu yetu kubwa ilipo. Boa ni mnene, ana mabaka ya kahawia, na hutulia unapomkaribia. Kifutu, nyoka wa kwetu mwenye sumu, naye ni mnene, ana mabaka ya kahawia, na hubaki pale pale unapomkaribia. Jino lake huozesha nyama ya mguu. Yuko kwenye mashamba ya Ngaramtoni na kwenye nyasi za tambarare chini ya Moshi. Mtoto wa miaka sita aliyezoea kumbeba boa sebuleni hana namna ya kuwatofautisha. Wenye watoto wadogo wasifuge, hata kama pesa ipo.

Kuna pia suala la kutoroka. Boa walioingizwa Aruba na Puerto Rico wamezaliana porini na kula ndege na wanyama wa huko. Moshi yenye joto, mifereji na migomba haina sababu ya kujiona salama. Na boa huzaa watoto hai, makumi kwa mkupuo.

Kisheria, boa wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo anayeingizwa lazima aje na kibali cha nchi anakotoka. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo hairuhusu kumkamata na kumweka nyumbani mnyamapori bila kibali. Chatu uliyemkuta shambani si mbadala wa boa: huyo anafika mita nne au zaidi, na anayestahili kuitwa ni afisa wanyamapori wa wilaya.

Mtu mzima asiye na mtoto nyumbani, mwenye vibali na betri, hatumkatazi. Tunamwomba jambo moja kabla hajanunua: ajenge kizimba, akiwashe kitupu kuanzia Juni hadi mwisho wa Julai, aweke kipimajoto kila upande na aandike namba saa kumi na moja alfajiri kila siku. Upande wowote ukishuka chini ya 23 hata usiku mmoja, arekebishe na aanze kuhesabu upya.