Msimkalishe mama

"Kaa tu mama, pumzika, tutakuletea." Kwa miaka mitatu kila mtu nyumbani kwetu amesema hivyo, kwa mapenzi kabisa, na leo naamini ndivyo tulivyompokonya mama miguu yake.

Aliteleza uani akatoka na michubuko tu. Kuanzia siku hiyo tukamkataza kila kitu: asifagie, asichote maji, asiende sokoni. Akawa mtu wa kiti cha barazani. Yeye aliyekuwa akienda dukani na kurudi kabla chai haijachemka, akaanza kushika ukuta kwenda chooni. Hofu nayo ikamwingia. Mwenye hofu ya kuanguka hutembea kidogo, misuli ya mapaja inanywea, na hapo ndipo anapoanguka kweli.

Kilichonishtua ni jambo dogo. Nikimsemesha tukiwa njiani, alikuwa anasimama kwanza ndipo anijibu. Nikadhani ni uchovu. Kumbe mwaka 1997 watafiti wa Sweden walishaonyesha kwamba mzee anayesimama ili azungumze yumo kwenye hatari kubwa ya kuanguka, maana kutembea kumeshamwia kazi ya kukazania akili yote. Kipo na kipimo ambacho hata mjukuu anaweza kukifanya: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi aketi. Sekunde zikifika 12, ni dalili mbaya. Mama alitumia 19. Pale pa kugeuka alipiga vihatua vifupi vifupi, kama mtu aliye kwenye matope.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kwa kuanguka kila mwaka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu. Nasi bado tunasema, "Uzee tu huo."

Si uzee tu. Ni ndala zilizolika soli. Ni vigae vya bafuni vyenye povu la sabuni, taa ya choo iliyoungua tangu Ramadhani, kanga inayoburuza. Ni dawa za usingizi, au za presha, zinazomletea kizunguzungu akiinuka ghafla. Hizo muulizeni daktari, msimwachishe wenyewe. Ni kisukari kinachotia ganzi nyayo asijue anakanyaga nini. Ni mtoto wa jicho ambaye hajatolewa. Yote hayo yana la kufanyiwa, na mengine yanahitaji balbu tu.

Sasa kila asubuhi mama anainuka na kuketi mara kumi bila kujishika, kisha anashika egemeo la kiti na kusimama kwa mguu mmoja. Zamu ya kufagia uwanja tumemrudishia.

Jana alikwenda dukani mwenyewe kununua sukari, mkongojo mkononi. Nilimfuata nyuma hatua chache, bila kumsemesha.